Mkono Nilioushika Mununga

Tangu nirudi mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa jibu lake. Wa kwaya niliwaambia safari ilikuwa nzuri. Joseph nilimwambia barabara ni mbaya. Jirani yangu nilimwambia nina homa, nikajifunika kitenge hadi akaondoka. Sikumdanganya mtu, maana safari ilikuwa nzuri, barabara ni mbaya, na homa nilikuwa nayo kidogo. Lakini kilichotokea sikumwambia yeyote. Sasa nawaandikia wote kwa pamoja, na nimejiapia kwamba hakuna ukurasa nitakaouandika upya zaidi ya mara mbili. Huu nauandika kwa mara ya nne.

Makazini hadi Nchelenge

Furaha mnamfahamu, lakini karatasi hii inaweza kufika kwa asiyemfahamu. Ana miaka kumi na saba. Amelelewa na shangazi yake, Mama Odette, tangu walipovuka kutoka Kongo kuja makazi ya wakimbizi, akiwa bado anabebwa mgongoni. Mwaka huu Mama Odette aliamua kurudi ng'ambo na watoto wake wadogo, kwenye shamba la marehemu mumewe. Furaha hakutaka. Alitaka kubaki Zambia na kujifunza kazi ya samaki.

Huko Puta, kando ya Ziwa Mweru, yuko mjane anayeitwa Bana Kasonde, yaani mama yake Kasonde, kama Wabemba wanavyoitana. Huchukua msichana mmoja au wawili, hukaa nao nyumbani kwake na kuwafundisha kununua samaki, kuwakausha na kuwauza, mpaka waweze kujitegemea. Zamani alikuwa mteja wa karanga za Mama Odette sokoni Nchelenge. Alipopelekewa habari za Furaha alijibu kwa maneno mawili tu: aje nimwone.

Mama Odette akaweka sharti mbele yangu. "Bana Kasonde aseme ndiyo na kinywa yake, weye Solange usikie na masikio yako. Akikatala, Furaha anapanda bwato na siye siku ya posho." Bwato ni boti, na siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Hiyo ilikuwa Jumatatu jioni.

Kwa nini mimi? Kwa sababu niliomba. Mnajua kwamba kila Jumamosi alasiri huwa nakaa na vijana tisa katika banda la kanisa, nawafundisha mambo ya kuishi peke yao: kuwasha mkaa bila kumaliza kiberiti, kuzungumza na mwenye nyumba, kwenda kliniki bila mama, kukataa bila kutukana. Hakuna aliyenituma, na hakuna shule iliyonifundisha. Niliyoyajua niliyaokota, mengine nikayauliza, mengine nikayasoma kwenye magazeti yaliyofungia sabuni, nikayaandika kwenye daftari mpaka yakawa kanuni arobaini na moja. Furaha angekuwa wa kwanza kutoka kwangu kwenda kuishi kwa watu. Nilitaka afike kama barua isiyo na kosa hata moja.

Tulitoka Jumanne asubuhi kwa baiskeli mbili za kukodi. Habari za vibali vya kutoka makazini naziruka, nyote mnazijua. Niliwaomba waendeshaji wakae sambamba ili niweze kumhoji Furaha njiani.

"Kanuni ya sita," nikasema.

"Usiguse kitu cha mtu bila kuitwa."

"Ya kumi na tisa."

"Salamu kwanza, shida baadaye."

Mwendeshaji wangu, Mkongo mwenzetu, alivumilia hadi tulipofika kwenye mteremko. "Yaya," akasema, maana ndivyo Wakongo tunavyomwita dada mkubwa, "huyu mutoto anaenda kufanya mutihani ya serikali?"

"Anakwenda kukaa kwa watu."

"Basi umuache apumue. Kwa watu pumzi iko kidogo."

Furaha alicheka, nami nikakasirika kimyakimya hadi Nchelenge, ambako tulinunua mikate midogo na kupata nafasi kwenye kanta iliyokuwa ikipeleka maboksi matupu ya samaki Mununga, kituo cha wavuvi njiani kwenda Puta. Dereva wake, Mbemba, aliitwa Bashi Mulenga, baba yake Mulenga. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hakikumzuia kusema kitu chochote.

Kafutuma

Kanta ilivunjika springi kabla ya saa nne. Bashi Mulenga alishuka, akainama, akatazama, akarudi bila haraka yoyote.

"Hii gari inapenda Kafutuma," akatuambia. "Kila mara inataka kulala hapa. Mimi nazania iko na ndugu hapa."

Furaha aliruka chini kutoka juu ya maboksi na kukanyaga kipande cha bati. Kisigino kikapasuka. Si sana, lakini damu ilitoka, na mimi damu ya mtu mwingine hunifanya nizungumze kwa kasi. Nilimpeleka kituo cha afya huku nikimkumbusha kanuni zote za kliniki: sema jina lako, sema umri wako, sema lini umeumia, usifiche chochote.

Nesi alikuwa mama mtulivu mwenye miwani. Alizungumza nasi Kibemba, polepole, alipoona tunatoka mbali.

"Jina lako?"

"Anaitwa Furaha," nikasema.

"Miaka?"

"Kumi na saba."

"Umeumia saa ngapi?"

"Si muda mrefu, aliruka kutoka kwenye gari, nilikuwa nimemwambia asiruke."

Nesi aliweka kalamu chini. "Mgonjwa ni nani?"

Furaha akajibu yote yaliyobaki, kwa Kibemba kizuri kuliko changu. Niligundua pale kwamba nimekuwa nikimfundisha somo la kliniki kwa miezi mingi na sijawahi kukaa kimya akiwa ndani ya kliniki. Alisafishwa, akafungwa bandeji, akaambiwa ibadilishwe baada ya siku mbili. Aliambiwa yeye. Mimi niliandika.

Kutengeneza springi kulichukua muda wa saa sita. Mama mmoja mwenye nyumba karibu na barabara alituona tumekaa kivulini akatukaribisha tule: ubwali, yaani bukari kama tunavyouita sisi, matembele ya karanga na samaki wawili wa kuchemsha. Alileta maji ya kunawa. Nami, kwa kuwa kanuni ya thelathini inasema chakula cha njiani kiliwe kwa kijiko, nikaomba vijiko kwa heshima zote.

Alivileta. Lakini yeye aliyekuwa tayari ameketi nasi kwenye mkeka aliinuka akaenda kukaa mlangoni, akijitazama vidole, kama aliyeambiwa ni vichafu. Sikuelewa. Furaha alielewa. Aliweka kijiko chini, akanawa tena, akamega tonge, akasema kwa Kibemba kwamba matembele haya ni kama ya kwao. Mama akarudi mkekani.

Bashi Mulenga, aliyekuwa amekula kwa mkono tangu mwanzo, alinitazama. "Wewe ni mwalimu?"

"Kidogo."

"Naona," akasema, akachukua samaki wangu.

Mununga

Tulifika jua likielekea kuzama. Gari la Puta lilikuwa limekwisha kuondoka. Tulikuwa na jina la Mama Béatrice, Mkongo wa kanisa letu anayeuza vitenge pale, na alitupokea kama watu aliowaacha jana. Tulipomwambia tunaelekea Puta kwa Bana Kasonde, alitikisa kichwa.

"Bana Kasonde hayuko Puta. Iko hapa, wiki yote. Mwezi kesho banafunga ziwa, hakuna kuvua. Kila mutu anakausha sasa. Kesho asubuhi mutamuona pale muchangani."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusemwa nyumbani, mbele ya kiti, si ufukweni. Asubuhi nilimpigia Furaha gauni pasi kwa pasi ya mkaa ya Mama Béatrice, nikamfunga kitambaa kichwani mara tatu mpaka kikakaa sawa.

Kama hamjawahi kuona ufuko wa Mununga siku za kukausha, ni hivi: chisense, wale dagaa wa Mweru, humwagwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, wavu baada ya wavu, hadi huoni pa kuweka mguu. Ukiwa mbali unadhani mtu amemwaga vioo. Wanawake hutembea katikati wakiwageuza kwa mifagio. Kila mmoja anajua nyavu zake zinapoishia, ingawa hakuna alama yoyote.

Bana Kasonde alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia ya kiume. Tulipiga goti tukasalimia, mwapoleni mukwai. Alimtazama Furaha kuanzia kitambaa hadi bandeji.

"Ni wewe mtoto wa Mama Odette?"

"Ni mimi."

"Mguu?"

"Nilikanyaga bati. Itapona."

"Ngojeni pale. Namaliza kugeuza, tunazungumza."

Tulingoja chini ya kibanda cha kuuzia vocha, ambacho siku hiyo kilikuwa kimefungwa. Nilifurahi. Furaha alijibu mwenyewe, nikawaza, na alijibu vizuri.

Mvua ilitoka upande wa Kongo. Kwanza ziwa lilibadilika rangi, kisha upepo ukaja na harufu ya udongo, kisha mwanamke mmoja akapiga kelele upande wa mbali na ufuko wote ukaamka. Watu walikimbia kutoka majumbani. Walikuja na mabeseni, maturubai, mashuka, mwingine na mlango wa mbao. Mwenye duka alitoka. Wavuvi waliokuwa wamelala waliamka. Kila mtu aliinama juu ya wavu uliokuwa karibu, akaukunja na samaki wake, akauburuta.

Furaha aliweka begi chini. Alikwisha kupiga hatua moja nje ya kivuli.

Nikamshika mkono.

"Usiguse," nikamwambia. "Si zako. Hawakujui. Likipotea beseni moja watasema ni wewe."

Alinitazama. Akatazama ufuko. Kisha akarudi akasimama kando yangu, na tukasimama hivyo, sisi wawili, tukiwa safi, tumekunja mikono, mita chache kutoka kwa mwanamke ambaye maisha ya Furaha yalikuwa mikononi mwake. Nilimwona Bana Kasonde akipita mbio nyavu zake mwenyewe, akaenda zile za mbali, akakunja moja, akakunja ya pili. Nikadhani amechanganyikiwa. Alipogeukia zake, mvua ilikuwa imekwisha kufika. Tatu alizikunja. Mbili zililowa zikiwa mchangani.

Haikunyesha hata nusu saa. Ilipokata, watu walisimama wakipumua, wakicheka kidogo, wakirudishiana mabeseni. Bana Kasonde alikuja kibandani na gauni lake limemgandama mwilini.

"Mlikuwa hapa?"

"Tulikuwa hapa, mama," nikasema.

"Muda wote?"

Nilitazama mikono yangu, ilikuwa mikavu.

Alimgeukia Furaha. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali awe nayo. "Mwana, mimi sikukatai kwa ubaya. Lakini mtoto wa kusimama, siwezi naye. Mwambie shangazi yako nimekuona." Akatoa maji kwenye kofia, akaivaa, akarudi kwenye samaki wake waliolowa.

Mununga, alasiri ile

Mama Béatrice alisikia habari kabla hatujamweleza. Alikuwa akipanga vitenge, na aliendelea kuvipanga.

"Hapa mvua ikikuja," akasema, "samaki ya kila mutu ni ya kila mutu. Hata mugeni. Hata muzungu alipita hapa siku moja, alikunja. Na unaanza na ya mwenye hayuko. Mwenye iko atajisaidia. Ile nyavu Bana Kasonde alikimbilia ni ya mwanamuke alienda kuzaa."

"Sikujua," nikasema.

"Naona haukujua. Lakini macho haikuona batu banakimbia?"

Sasa niseme jambo ambalo nyinyi hamlijui. Mwaka wetu wa kwanza makazini, nikiwa na miaka kumi na mitatu, mvua ilianza na jirani yetu hakuwepo. Nilianua nguo zake kutoka kwenye kamba nimhifadhie. Alirudi akanikuta na kitenge chake kipya mikononi. Aliita watu. Mama alinipigisha magoti mbele yao, si kwa sababu aliamini nimeiba, bali kwa sababu tulikuwa wageni na hakuona njia nyingine. Niliitwa mwizi mpaka tulipohamishwa sehemu nyingine. Kanuni ya sita ilizaliwa siku ile. Haikuwa hekima. Ilikuwa kidonda nilichokivisha nguo za hekima, nikawapa watoto tisa waikariri.

Nilimwambia Furaha haya yote, nyuma ya nyumba, yeye akichambua mchele wa Mama Béatrice bila kuombwa. Kisha nikamwambia mpango wangu: nitakwenda kwa Bana Kasonde sasa hivi, nipige magoti, nimweleze kwamba kosa ni langu tangu mwanzo hadi mwisho, kwamba wewe ulitaka kwenda na mimi ndiye niliyekushika. Nilikuwa nimekwisha kuandika. Karatasi ilikuwa mkononi.

Furaha aliendelea kuchambua.

"Usiende," akasema.

"Kwa nini? Ni kweli."

"Ulinishika kidogo tu, Yaya. Si kwa nguvu. Ningetoka." Alitupa kokoto moja. "Niliogopa. Nilifurahi ulinishika, ili nisiende."

"Lakini mimi ndiye niliyekufundisha kuogopa."

"Labda. Lakini ukienda kusema ni weye, Bana Kasonde atakusamehe weye. Mimi nitabaki nani? Mutoto mwenye anashikwa mukono." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Acha hata kosa moja ikuwe yangu."

Nitakiri: kwa muda nilimwonea wivu. Nilitaka kosa lile. Nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili, nilipange vizuri, niliombe msamaha ulio kamili, na huyu msichana alikuwa akininyang'anya.

Jioni tukasikia kwamba Bana Kasonde amerudi Puta na samaki wake wote, waliolowa na wakavu. Mimi nilisema basi, kesho turudi. Furaha akasema, "Weye unaweza kurudi. Mimi nilisema naenda Puta."

Puta

Tulikwenda Alhamisi asubuhi kwa pikapu iliyobeba madawati, tumekaa madawatini kama wanafunzi, tukimtazama kila tuliyempita. Sikumhoji Furaha kanuni hata moja. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya wiki ile, na nilikuwa bado sijui kazi ya mchana.

Kwenye njia panda ya kuelekea kwa Bana Kasonde alichukua begi lake. "Unibakie hapa," akasema.

"Nisije hata hadi uani?"

"Hapa."

Palikuwa na mama anayekaanga vitumbua kando ya barabara, mwenye nywele zilizosukwa upya na benchi moja. Nilikaa. Nikanunua kitumbua ili nisikae bure. Nikamaliza, nikanunua kingine. Jua lilipanda. Nilihesabu mabati ya paa la duka lililokuwa mbele yetu, nikakosea, nikaanza upya.

"Unangoja gari?" mama wa vitumbua akaniuliza.

"Nangoja mtu."

"Mwanamume?"

"Hapana. Msichana. Amekwenda kwa Bana Kasonde kuomba kazi."

"Ah. Yule wa Mununga aliyesimama." Habari ilikuwa imetutangulia. "Na wewe ni yule mwingine?"

"Ni mimi."

Alinipa kitumbua ambacho sikukiomba. "Kula. Unakaa kama kuku anayeatamia."

Saa sita ikapita. Mara tatu niliinuka kwenda, na mara tatu nikakaa. Mara ya tatu mama wa vitumbua hakuinua hata kichwa. "Ukifika kule," akasema, "utaongea wewe. Nakuona mdomo."

Ilikuwa karibu saa tisa walipokuja wote wawili. Mbele alikuwa Bana Kasonde na kofia yake. Furaha nyuma, bila begi. Gauni nililolipiga pasi lilikuwa na magamba hadi mabegani na kitambaa cha kichwani kilikuwa kimekwisha kupewa kazi nyingine kabisa.

Kilichotokea uani sikukiona, kwa hiyo nawaambia kama Bana Kasonde alivyonieleza, amesimama, akitafuta Kiswahili chake. Furaha aliingia, akasalimu, hakujibiwa. Uani palikuwa na samaki waliolowa, rundo zima, lazima wachambuliwe: waliooza watupwe, wanaofaa wakaushwe tena kwa moshi. Hakuna msichana anayeipenda kazi ile, ni harufu tu. Furaha aliketi akaanza kuchambua. Bana Kasonde akamwacha. Alikwenda sokoni, akarudi, akamkuta palepale. Alikula, hakumkaribisha. Rundo lilipofika nusu, ndipo alipomuuliza amekuja kufanya nini.

"Akaniambia, jana nilikuwa na mikono miwili na nilisimama. Nikamuuliza, nani amekufundisha kusimama? Maana nilimwona mtu kando yake." Bana Kasonde alinitazama moja kwa moja. "Akasema, hakuna. Niliogopa mwenyewe."

Mdomo wangu ulifunguka. Maneno yote ya ile karatasi yalikuja kwa mpangilio wake, hata koma zake. Furaha alikuwa nyuma ya bega la Bana Kasonde. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alinitazama tu, kama anayesubiri kuona mimi ni mtu wa namna gani.

Nikafunga mdomo.

Sijui kama nilifanya sawa. Kunyamaza kwangu kulikuwa na uongo ndani yake, na mimi uongo wa aina hiyo hunikosesha usingizi. Lakini ulikuwa ukweli wake yeye, na aliuweka pale alipotaka uwe.

"Wewe ni nani wake?" Bana Kasonde akauliza.

"Nimemsindikiza."

"Basi umefika." Alisema bila ukali. "Mwambie Mama Odette, kwa kinywa changu mimi: mtoto abaki. Ziwa likifungwa atajifunza kuuza, likifunguliwa atajifunza kununua. Akinishinda nitamrudisha mwenyewe, sitamtuma kwa barua."

Nilitaka kumkumbatia Furaha lakini alinyoosha mikono mbali, kwa sababu ya magamba. Nikamwambia, "Bandeji ibadilishwe leo."

"Nesi aliniambia mimi, Yaya."

"Ndiyo. Alikuambia wewe."

Akageuka kurudi uani, akichechemea kidogo. Mama wa vitumbua akanifungia vilivyobaki kwenye gazeti, akasema njaa ya kurudi ni kubwa kuliko ya kwenda.

Kurudi

Kwenye kurudi hakuna mengi. Nililala tena kwa Mama Béatrice, na asubuhi nikampata Bashi Mulenga, ambaye gari lake halikutaka kulala Kafutuma safari hii. Nilifika makazini Ijumaa alasiri, nikaenda kwa Mama Odette kabla ya kwenda kwangu.

Nyumba ilikuwa tupu kama nyumba ya watu waliokwisha kuondoka. Sufuria zilikuwa zimefungwa ndani ya beseni, watoto walikuwa wamekalia magodoro yaliyokunjwa. Mama Odette alikuwa amekaa juu ya begi kubwa la nailoni akilibana ili zipu ifunge.

"Amesema?" akauliza.

"Amesema. Kwa kinywa chake, mbele yangu. Furaha abaki."

Alikaa vilevile juu ya begi.

"Ilikuwa nguvu?"

"Ilikuwa ngumu. Mvua ilinyesha. Kulikuwa na kosa. Furaha alilimaliza mwenyewe."

"Na weye ulimusaidia namna gani?"

Nilifikiri jibu zuri. Nilikuwa nalo moja, refu. "Nilikaa barabarani," nikamwambia. "Nilikula vitumbua."

Mama Odette akacheka pumzi moja tu, akashuka kwenye begi na kulifungua. Juu kabisa, kabla ya nguo za watoto, kabla ya zake mwenyewe, zilikuwa zimepangwa nguo za Furaha. Alikuwa amezifunga tayari kwa bwato. Sikumuuliza ni tangu siku gani.

Alizitoa moja moja, akanikabidhi: sketi ya shule, sweta, vitenge viwili, kanga ya zamani. "Utamupelekea na mutu mwenye anaenda Puta," akasema. Ilipofika blauzi ya manjano, ile anayovaa Furaha siku za kanisa, alinyoosha mkono kunipa, nami nikanyoosha wangu kupokea. Akaurudisha.

"Hii hapana," akasema. "Hii naenda nayo."

Akaikunja upya, akailaza juu ya vitu vyake, akafunga zipu. Safari hii ilifunga bila kukaliwa.